Meza za Uani: Mikahawa ya Mitaa ya Jinja na Mbale

Mkahawa wa mtaa wenye meza uani hupatikana karibu kila pembe ya Jinja na Mbale, miji miwili mikubwa ya mashariki mwa Uganda. Mbele kuna duka, kaunta au chumba chenye meza tatu nne. Anayetaka kukaa hasa hupita kando ya kaunta, au katika ujia mwembamba uliobanana na ukuta wa jirani, akatokea nyuma penye kivuli cha mwembe au mfenesi, viti vya plastiki, pipa la maji ya kunawia na majiko ya mkaa. Kwa gharama na mavazi, mahali hapa pako mbali na Mount Elgon Hotel ya Mbale au Jinja Sailing Club iliyo ufukweni mwa ziwa. Wateja wake ni watu wa karibu: walimu, makarani, mafundi, madereva, wachuuzi wa sokoni, wanafunzi wa vyuo, na siku ya Jumapili familia zinazotoka kanisani.

Miji hii iko umbali wa takriban kilomita 145 kwa barabara ya Iganga na Tirinyi, na yote ilipandishwa hadhi kuwa majiji mnamo Julai 2020. Imerithi namna moja ya kujenga, ila vyungu vyake havifanani: Jinja hula kutoka ziwani, Mbale hula kutoka mlimani.

Nyumba za biashara na nyua zake

Jinja iko kilomita 80 hivi mashariki mwa Kampala, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Barabara yake kuu, Main Street, imepangwa majengo ya biashara ambayo mengi yalijengwa na Waasia kati ya miaka ya 1920 na 1950. Ukiinua macho, juu ya ukuta wa mbele wa baadhi yake bado utasoma jina la mwenye nyumba na mwaka aliojenga. Mpangilio wake ulikuwa karibu mmoja: duka linatazama barabara chini ya baraza yenye nguzo, vyumba vya familia viko nyuma ya duka au ghorofani, na mwisho kuna ua uliozungushiwa ukuta. Uani ndiko kulikokuwa na jiko, stoo, tangi la maji, choo na chumba cha mtumishi. Nyuma ya ukuta kulipita kichochoro cha wafanyakazi wa manispaa waliokuja kuzoa taka.

Mbale ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makazi ya Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyetanua utawala wa Waingereza upande wa mashariki. Biashara ya pamba na kahawa iliukuza mji huo, na reli iliyofika Soroti mwaka 1929 kwa kupitia Mbale ikaukuza zaidi. Wenye maduka wakajenga kama walivyojenga wenzao wa Jinja: duka mbele, ua nyuma.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Majengo yao yaligawiwa watu wengine, na nyumba iliyokuwa ya familia moja ikawa na wapangaji kadhaa. Ua ukageuka kuwa mali ya wote: huyu anashona, yule anahifadhi mkaa, mwingine anapika chakula cha kuwauzia wote wawili. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuwarudishia wenyewe mali zao, na wengi walirudishiwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mwenye mkahawa wa katikati ya mji, mara nyingi, ni mpangaji. Sehemu ya mbele hutafutwa na wauza simu, nguo na dawa, ambao wanahitaji kuonekana na wapita njia. Mpishi anaweza kuishi bila kuonekana, mradi wateja wanajua njia ya kwenda nyuma.

Ziko nyua za aina nyingine mbili. Ya kwanza ni bustani za nyumba kubwa za wakati wa ukoloni, kama zilizo karibu na ziwa huko Jinja na katika mtaa wa Senior Quarters huko Mbale. Nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya maofisa na mameneja, katika viwanja vipana vyenye miti mikubwa, na baadhi sasa ni nyumba za wageni na mikahawa yenye meza kwenye majani. Ya pili ni viwanja vya mitaa ya wafanyakazi. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliifanya Jinja kuwa mji wa viwanda, na mtaa wa Walukuba ulijengwa kuwapa wafanyakazi mahali pa kuishi. Katika mitaa ya namna hiyo, na Namatala kwa upande wa Mbale, baa ndogo ambazo Waganda huziita kafunda zilijitokeza kwenye viwanja vya nyumba za watu. Aghalabu mwenye nyumba ndiye mpishi, na meza zake ziko chini ya paa la mabati lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yake.

Moto wa mkaa

Kinachoufanya ua uwe muhimu ni moto. Karibu na Jinja kuna mitambo inayozalisha sehemu kubwa ya umeme wa Uganda: Nalubaale, ambalo ni jina la sasa la Owen Falls, lenye uwezo wa megawati 180, Kiira lililo jirani yake, na Bujagali la megawati 250 lililokamilika mwaka 2012. Pamoja na hayo, mikahawa mingi ya mji huo hupikia mkaa, kwani umeme wa kupikia sufuria kubwa kuanzia alfajiri hadi usiku ni ghali, na vyakula vingi vya huku huhitaji moto mdogo wa muda mrefu. Mkaa hauwezi kuwashwa ndani ya chumba bila kuwadhuru watu, hivyo jiko lazima liwe nje. Meza zikiwekwa nje pia, chakula hakisafiri, na mteja anaona kinachoendelea.

Kazi huanza mapema. Matoke humenywa, hufungwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa kwenye sufuria ambayo chini yake kuna vikonyo vya ndizi na maji kidogo. Yakiiva kwa mvuke hupondwa yakiwa ndani ya majani yaleyale, kisha hurudishwa kwenye moto hafifu hadi saa ya chakula. Jiko la pili lina maharage au nyama, la tatu lina mafuta ya kukaangia. Jioni, majivu yakishakwanguliwa, linawashwa pipa lililokatwa nusu kwa urefu na kufunikwa wavu. Hilo ni la muchomo, yaani nyama ya kuchoma, na mpishi mwenye busara huliweka upande ambao upepo hautapeleka moshi mezani.

Chakula cha mchana

Mchana mkahawa wa mtaa huwa na utaratibu ambao mgeni kutoka Mombasa au Dar es Salaam anaweza kushangaa nao kidogo. Mteja huchagua kitoweo, na bei huhesabiwa kwa kitoweo hicho: nyama ya ng'ombe, kuku, samaki, maharage au mchuzi wa karanga zilizosagwa. Vyakula vya wanga huja pamoja katika sahani moja bila kutozwa kimoja kimoja: matoke, wali, ugali ambao Uganda huitwa posho, viazi vitamu, pengine na kipande cha boga au muhogo. Asiyetaka vyote husema anachotaka. Mchuzi huja katika bakuli lake, pamoja na mboga kama mchicha, ambao hapa huitwa dodo, au nakati yenye uchungu kidogo.

Viazi vitamu vina heshima ya pekee Jinja, kwa sababu Wasoga, wenyeji wa eneo hilo, wamevitegemea kwa vizazi vingi kama chakula chao kikuu. Mbale matoke ndiyo hutangulia, kwa kuwa miteremko ya Mlima Elgon imejaa migomba. Mikahawa inayohudumia watu kutoka Teso, hasa ya Mbale, hupika pia atapa, ugali wa mtama au wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo. Kwa asiye na fedha nyingi kuna chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, iitwayo kikomando. Kuna pia rolex, chapati iliyokunjwa na mayai ya kukaanga, nyanya na kabichi, ambayo wengi husema ilianzia kwa wauza chapati wa Busoga kabla ya kupata umaarufu Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere.

Samaki wa Jinja

Jioni mkahawa hubadilika. Sahani ya mchana, iliyokuwa tayari tangu saa sita, hupisha vyakula vinavyopikwa mtu anapoagiza, na kwa Jinja cha kwanza ni ngege mzima, yule ambaye Tanzania huitwa sato. Samaki hutoka mialoni kama Masese, au katika vizimba vya kufugia vilivyowekwa ziwani karibu na mji.

Mteja anayejua mambo huenda kwanza kwenye friji au beseni la barafu akamchagua samaki wake, kwa kuwa bei hufuata ukubwa. Mpishi hupara magamba, hutoa matumbo na matamvua, kisha huchanja kila ubavu mikato mitatu au minne inayofika karibu na mfupa. Chumvi na ndimu huingia kwenye mikato hiyo. Mafuta yakichemka samaki huzamishwa mzima, hugeuzwa mara moja, na hutolewa ngozi ikiwa kavu kiasi cha kulia inapoguswa kwa uma. Huletwa na chipsi au muhogo wa kukaanga, kachumbari, kipande cha ndimu na chumvi pembeni. Njia nyingine ni kumkaanga kidogo tu, halafu kumchemsha katika mchuzi wa nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Huyo huliwa na ugali au matoke. Kwa vyovyote vile huliwa kwa mkono, kwa sababu vidole ndivyo vinavyoijua miiba.

Ukubwa wa samaki anayefika mezani unahusiana na sheria. Uganda imeweka kipimo cha chini cha kuvua: inchi 11 kwa ngege na inchi 20 kwa sangara, na mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia kanuni hizo ziwani. Ngege mdogo anayechungulia katikati ya sahani hakupaswa kuvuliwa. Suala hilo liko karibu sana na Jinja, kwa kuwa makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa mwaka 1994 na Kenya, Tanzania na Uganda, yako humohumo mjini.

Malewa ya Mbale

Mbale iko chini ya ukingo wa Wanale, na nyuma yake Mlima Elgon, ambao Wagisu, wenyeji wake, huuita Masaba, hupanda hadi kilele cha Wagagai chenye mita 4,321. Kutoka huko juu hutoka malewa, machipukizi ya mianzi yanayochumwa wakati wa mvua. Msitu wa mianzi uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, na wanavijiji wa jirani huruhusiwa kuchuma kwa makubaliano na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Machipukizi hukaushwa kwa moshi juu ya moto hadi yawe ya kahawia na magumu, na yakiwa hivyo hukaa miezi bila kuharibika. Mpishi huyaroweka na kuyachemsha mpaka yalainike, huyakatakata, kisha huyapika polepole katika karanga zilizosagwa, wakati mwingine zikichanganywa na ufuta. Mchuzi unaopatikana ni mzito, una harufu ya moshi, na vipande vyake hutafunika kama uyoga mgumu. Hakuna mkahawa wa Jinja unaoweza kuuiga kwa urahisi, na mgeni anayefika Mbale akaondoka bila kuuonja ameukosa mji. Malewa huhitaji muda, kwa hiyo heri kuuliza mapema kama yamepikwa siku hiyo.

Biashara ya nyua za Mbale huchangamka zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wakati Wagisu wanapofanya tohara ya imbalu. Sherehe hufunguliwa kwa kawaida mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, na ndugu waliotawanyika Kampala, Nairobi na kwingineko hurudi nyumbani.

Mji una Waislamu wengi, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kimekuwa hapo tangu 1988. Hili linaonekana katika mpangilio wa nyua. Panapouzwa nyama ya nguruwe huwa pamejitenga, na jiko lake na visu vyake. Huuzwa kwa kilo au nusu kilo, ya kuchoma au ya kukaanga, na huletwa na muhogo, nyanya na vitunguu vibichi. Kwingine nyama ni ya mbuzi, kuku au ng'ombe wa halali, na pombe haiuzwi. Mgeni asiye na hakika anauliza tu. Swali hilo halimuudhi mtu.

Vinywaji

Njeru, ng'ambo ya mto kutoka Jinja, ndipo palipo kiwanda cha Nile Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1951, na bia yake ya Nile Special haikosekani katika friji za mjini. Kampuni hiyo pia hutengeneza Eagle, bia ya mtama iliyoanza kuuzwa mwaka 2002 na kuwapa soko wakulima wa mtama wa Teso na kwingineko. Pombe ya asili ina nafasi yake katika nyua za kawaida zaidi, hasa Mbale. Chungu cha ajono, pombe ya wimbi, huwekwa katikati, wanywaji hukaa kukizunguka, na kila mmoja hunyonya kwa mrija mrefu wenye kichujio nchani. Maji ya moto huongezwa mara kwa mara, na kikao huweza kudumu jioni nzima.

Kwa wasiokunywa pombe kuna maji ya matunda, soda, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Kahawa ina kisa chake. Arabika ya Bugisu ni miongoni mwa kahawa zinazotafutwa sana za Uganda, na Chama cha Ushirika cha Bugisu kilichoundwa mwaka 1954 kimekuwa kikiikusanya kwa wakulima kwa miongo mingi. Hata hivyo sehemu kubwa huuzwa nje, na katika mikahawa mingi ya mtaa anayeagiza kahawa huletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga. Mikahawa inayokaanga na kusaga kahawa ya mlimani ipo, na inafaa kuungwa mkono.

Huduma, hali ya hewa na sheria

Kabla ya chakula mhudumu huleta jagi na beseni, au humwonyesha mteja bomba la kunawia. Katika mikahawa ya kifamilia baadhi ya wahudumu wa kike bado hupiga goti wanapomnawisha mkubwa, kwa desturi ya Wasoga na Waganda. Lugha huchanganyika: Kisoga na Kiganda Jinja, Kigisu Mbale, Kiingereza kwa wote, na Kiswahili husikika zaidi kwa madereva wa malori, wanajeshi na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kenya. Malipo hufanywa kwa fedha taslimu au kwa simu, huduma ambayo MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009. Bakshishi si lazima, ila chenji inayoachwa mezani hupokewa kwa furaha.

Mvua ndiyo adui wa kwanza wa meza za uani. Mbale hupata mvua nyingi za alasiri kutoka mlimani, na maji yakizidi mito hufurika: usiku wa Julai 30 kuamkia 31, mwaka 2022, mafuriko ya Nabuyonga na mito mingine yaliua watu na kuharibu nyumba na biashara. Wenye mikahawa makini huinua sakafu, huchimba mifereji na kujenga paa juu ya angalau nusu ya ua. Jinja usumbufu ni wa wadudu wadogo wa ziwani, ambao huzingira taa kwa maelfu baada ya jua kuzama, na mbu. Dawa yake ni taa hafifu mezani na kali mbali na wateja.

Sheria nazo zinagusa ua. Mkahawa unatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya jiji, na watu wanaoshika chakula wapimwe afya. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma na kando yake, na imepiga marufuku shisha. Kukaa nje hakumpi mvutaji ruhusa. Wakati wa Uviko-19 baa zilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, huku mikahawa ikiruhusiwa kurejea mapema zaidi kwa masharti ya kuwatenganisha wateja. Baa nyingi zilisalimika kwa kutegemea jiko lao.

Namna ya kuchagua

Mkahawa mzuri wa uani hautambuliki kwa rangi ya ukuta. Uangalie vitu vitatu: maji ya kunawia yenye sabuni, jiko lililo wazi machoni pa mteja, na wateja wa mtaa wenyewe mezani saa saba mchana. Ukiona hivyo, kaa. Uliza kilichoiva kabla ya kuuliza menyu, na uulize bei ya samaki kabla hajaingia kwenye mafuta. Jioni agiza mara tu unapofika, kwa kuwa ngege mzima huchukua nusu saa hadi dakika 45, na kuku wa kienyeji huchukua zaidi. Mwenye haraka ale mchana au anunue rolex barabarani. Ua ni wa mtu aliye tayari kusubiri chakula kiive.